Kidole Gumba katika Nchi ya Rili: Safari ya Paris, Frankfort na Mto Elkhorn

Barabara namba 460 ya Marekani, katika kipande kinachotoka mji mdogo wa Paris, kikapita Georgetown na kuishia Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky, haifiki kilomita 60, lakini ni ndani ya umbali huo ambamo katika karne ya 19 ilibuniwa na kukomazwa mashine ndogo ambayo mpaka leo huwatoa jasho wanaojifunza kuitumia, nayo ni rili ya kurushia chambo. Rili, kwa maana ya jumla, ni kifaa kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia ili kuhifadhi mshipi, kuuachia unaporushwa na kuurudisha samaki anaponasa. Ile ya kurushia chambo hutofautiana na nyingine kwa jambo moja, kwamba kigurudumu chake cha mshipi, ambacho hapa kitaitwa bobini kama mafundi cherehani wanavyokiita cha kwao, huzunguka chenyewe kila mshipi unapotoka. Katika rili ya bobini tuli, ambayo Alfred Illingworth aliipatia hataza Uingereza mwaka 1905 na ambayo ndiyo inayoonekana zaidi madukani siku hizi, mshipi huteleza tu juu ya ukingo wa bobini isiyozunguka, na kwa hiyo hata mtoto huweza kuitumia siku ya kwanza. Anayechagua bobini inayozunguka hupata shabaha na nguvu ambazo ile nyingine haimpi kwa urahisi, lakini hupata pia kazi ya kuitawala bobini hiyo kwa kidole gumba, na kazi hiyo haikwepeki.

Safari inayoelezwa hapa ilianzia Lexington, mji ulioko kusini mwa barabara hiyo, ambako msemaji wa Kiswahili hajioni mgeni kabisa, kwa kuwa familia nyingi zilizokimbia vita mashariki mwa Kongo zimepewa makazi Lexington na Louisville, na lugha hii inasikika shuleni, makanisani na madukani. Miongoni mwa watu hao wamo waliokulia Uvira, Baraka na Fizi kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambao riziki ya wazazi wao ilitoka kwenye dagaa, ndagala kama wanavyoitwa upande ule, na kwenye migebuka, ambao Uvira na Bujumbura wanajulikana kwa jina la mukeke. Mmoja wao, mzee mwenye wajukuu ambaye Jumamosi zake nyingi humkuta kando ya maji, ndiye aliyekubali kuwa mwalimu na mwenyeji wa safari hii. Na kwa kufuata desturi ya kwao, ambayo haimruhusu mdogo kumtaja mkubwa kwa jina lake, hapa pia ataitwa Mzee tu.

Barabara ya kutoka Lexington kwenda Paris, yenye urefu wa kilomita 30 hivi, hupita katikati ya mashamba ya farasi wa mbio, na kandokando yake kuna kuta za mawe ya chokaa yaliyopangwa kwa mkono bila saruji. Mawe hayo hayakuletwa kutoka mbali, kwani nchi yote ya katikati ya Kentucky imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na vijito vyake hutambaa juu ya mwamba huohuo vikiwa na kina kifupi, na wakati wa kiangazi maji yake huwa maangavu kiasi cha kuonyesha kokoto chini. Humo huishi besi, jina linalojumuisha samaki wa jenasi ya Micropterus, ambao ni samaki wa maji baridi wanaowinda kwa kuvizia: yule wa mdomo mpana hupenda maziwa na maji yaliyotulia, na yule wa mdomo mdogo hupenda mito ya miamba. Samaki anayevizia chini ya ukingo wa mwamba, katika maji ya kina kifupi na maangavu, humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye, hivyo hafikiwi ila kwa chambo kinachotoka mbali na kuanguka pale hasa alipo. Wavuvi wa Kentucky wa mwanzo wa karne ya 19 walitumia samaki wadogo walio hai kuwa chambo, na samaki mdogo ni mwepesi. Kumrusha mbali kwa shabaha, bila kumng'oa kwenye ndoano, ndilo tatizo lililozaa mashine.

Paris ilipewa jina hilo kwa kuishukuru Ufaransa kwa msaada wake katika vita vya uhuru vya Marekani, na wilaya yake inaitwa Bourbon kwa heshima ya ukoo uliotawala Ufaransa wakati huo. Kijito cha Stoner kinaupitia mji huo, na karibu na kijito hicho, kati ya mwaka 1810 na 1820, alifanya kazi George Snyder, fundi wa saa na mfua fedha aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha wavuvi wa wilaya. Rili zenye gia, ambazo mzunguko mmoja wa mkono huzungusha bobini mara kadhaa, zilikuwa zikiuzwa London tangu karne ya 18, hivyo si kweli, ingawa hudaiwa mara nyingi, kwamba Snyder ndiye aliyebuni gia hizo. Alichofanya ni kikubwa zaidi kwa upande wa urushaji. Rili za Uingereza zilikusudiwa kurudisha mshipi upesi, wala uzito na msuguano wake havikumsaidia mtu anayetaka kuurusha; yeye aliitengeneza rili kama fundi saa anavyotengeneza saa, akazipa ekseli ncha nyembamba na kuziweka katika matundu yenye kipimo kamili, hata bobini ikawa inazunguka kwa kuvutwa na kitu chepesi tu.

Umuhimu wa ufundi huo hauonekani vizuri mpaka ikumbukwe kwamba rili za zama hizo hazikuwa na kitufe cha kuitenganisha bobini na gia. Mshipi ulipotoka, bobini ilizunguka, gia zikazunguka nayo, na mkono wa rili ukazunguka kinyumenyume kwa kasi katika muda wote ambao chambo kilikuwa angani. Gia yenye jino moja lililokatwa vibaya ilitosha kuutia mshipi mshtuko kila mzunguko, na mshtuko huo ungemwangusha samaki wa chambo au kuupindisha mwendo wake. Kwa hiyo si ajabu kwamba kazi hii ilishikwa na watu wa saa, wala si ajabu kwamba ilichukua muda mrefu kabla viwanda vya kawaida havijaweza kuwakaribia.

Kutoka Paris barabara inaelekea magharibi, inaipita Georgetown, kisha inateremka kuelekea bonde la mto Kentucky ambamo Frankfort imejibanza. Mnamo miaka ya 1830 fundi saa wa mji huo, Jonathan Meek, alitengeneza rili kwa kufuata mfano wa Snyder, na inasimuliwa kwamba aliyemwagiza ni jaji Mason Brown aliyekuwa amepoteza ya kwake. Jonathan aliungana na mdogo wake Benjamin, na mwanafunzi wao, Benjamin Milam, akawa mshirika na baadaye mshindani. Benjamin Meek alihamia Louisville mwaka 1882 na kuanzisha kazi pamoja na wanawe. Milam alibaki Frankfort na kuendelea huko na mwanawe. Jina la Meek lilinunuliwa na kampuni ya Horton ya Bristol, Connecticut, mwaka 1916, na kwa ununuzi huo enzi ya rili zilizotengenezwa moja moja kwa mkono ikawa imefikia mwisho kwa kiasi kikubwa.

Rili moja ya enzi hiyo, mali ya mkusanyaji wa vitu vya kale wa Frankfort aliyekubali ishikwe kwa sharti la kuvaa glavu za pamba, inastahili kuelezwa kwa utulivu. Ni ndogo, inaenea kiganjani, imetengenezwa kwa aloi ya nikeli, shaba na zinki ambayo kwa rangi hufanana na fedha ingawa haina fedha ndani yake, na sahani zake mbili za pembeni zimeunganishwa na nguzo nyembamba. Vichwa vya skrubu zake vina alama, na pembezoni mwa kila tundu kuna alama inayolingana, kwa sababu kila skrubu ilichongwa kwa ajili ya tundu lake na haikutarajiwa kukaa vema katika tundu jingine. Mkusanyaji aliupiga mkono wa rili kwa ncha ya kidole mara moja, na bobini ikazunguka kwa muda mrefu bila sauti yoyote isipokuwa mvumo mdogo wa gia, ikapungua mwendo polepole na kusimama bila kutetereka. Haina breki ya aina yoyote inayofanya kazi wakati wa kurusha. Mtengenezaji aliichukulia breki kuwa kitu ambacho mnunuzi anacho tayari mkononi mwake, na ukweli huo unaeleza mengi kuhusu mafunzo ya kurusha kuliko mwongozo wowote unaotiwa ndani ya boksi la rili mpya.

Ili kuelewa kazi ya breki hiyo ya nyama na ngozi ni lazima kutazama kwa karibu kinachotokea katika sekunde mbili au tatu za mrusho mmoja. Chambo huondoka kwenye ncha ya ufito kikiwa na kasi yake kubwa kabisa, na kuanzia hapo hewa hukipunguza mwendo bila kukoma. Bobini, kinyume chake, ilikuwa imesimama, huanza kuzunguka kwa kuvutwa na mshipi, hufikia kasi yake ya juu baadaye kidogo, na kwa kuwa ina uzito wake, haipunguzi mwendo kwa hiari. Hivyo ni vitu viwili vilivyounganishwa na uzi mmoja, kimoja kikiwa kinachoka na kingine kikiwa kimechangamka. Pale bobini inapotoa mshipi mwingi kuliko chambo kinavyouchukua, mshipi wa ziada hauna pa kwenda. Huumuka juu ya bobini, mizingo yake ikanaswa na mizingo iliyo chini yake, na mara moja kila kitu hukwama. Tatizano hilo Wamarekani hulipa jina la kiota cha ndege, na kila aliyewahi kuketi na kulifumua kwa kucha anajua kwamba hawakukosea.

Hatari hiyo ina nyakati tatu. Ya kwanza ni mwanzoni kabisa, endapo mrushaji atautikisa ufito ghafla badala ya kuuongezea kasi taratibu, kwa kuwa mtikiso huo huistua bobini ikapata kasi kubwa kuliko ambayo chambo kitaihitaji. Ya pili ni katikati ya safari, hasa upepo ukivuma kutoka mbele. Ya tatu ni mwishoni, chambo kinapogusa maji na kusimama papo hapo huku bobini ikiwa haina habari. Anayeanza kujifunza huogopa zaidi ile ya katikati kwa sababu ndiyo anayoiona, lakini matatizano mengi ya wanafunzi hutokana na ya kwanza, nayo haitibiki kwa kukaza skrubu yoyote. Hutibiwa kwa kuurusha mshipi polepole, kuuacha uzito wa chambo upinde ufito nyuma, kisha kuuacha ufito wenyewe, unapojinyoosha, ufanye kazi ya kusukuma.

Mzee hakuanzia majini. Somo lilitolewa katika uwanja wa nyasi ulio wazi, kwa kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 15 kisichokuwa na ndoano, na kwa nailoni mpya ya unene wa kati, ambayo ni laini na hunyooka kwa urahisi baada ya kutatizika, tofauti na nyuzi za kusukwa ambazo hujichimbia ndani ya bobini zikikazwa. Bobini ilijazwa mshipi hadi kubaki kama milimita 3 kabla ya ukingo. Uzito wa risasi una sababu yake: kitu cha chini ya gramu 7 hakina nguvu ya kuivuta bobini kwa ulaini, na mwanafunzi anayeanza na kitu chepesi hivyo hujifunza woga badala ya kurusha. Baada ya hapo Mzee aliigeukia skrubu ndogo iliyo upande wa mkono wa rili, ambayo kazi yake ni kuibana ekseli ya bobini, akaikaza mpaka risasi, ilipoachiwa kutoka kwenye ncha ya ufito, ikashuka taratibu na bobini ikasimama pale pale risasi ilipogusa nyasi.

Mkao wa mkono unaonekana wa ajabu kwa mgeni. Ufito hushikwa kwa mkono wa kulia, gumba likiwa juu ya mshipi, na kiwiko kikiwa karibu na ubavu, kisha kifundo cha mkono hugeuzwa ili mkono wa rili utazame juu mbinguni. Sababu ni ya kimaumbile tu, kwamba kifundo kikikaa hivyo hukunjika na kukunjuka kwa wepesi zaidi, na urushaji mzuri ni kazi ya kifundo na sehemu ya chini ya mkono, wala si ya bega. Kitufe cha kuiachia bobini hubonyezwa huku gumba likiizuia isizunguke. Ufito hupelekwa nyuma, hurudishwa mbele kwa mwendo unaozidi kuongezeka, na unapofika mbele kwa pembe ya kama nyuzi 45 kutoka ardhini gumba hulegezwa. Likilegezwa mapema, risasi hupaa juu na kuanguka karibu. Likichelewa, risasi hupiga nyasi miguuni.

Neno kulegeza linahitaji maelezo, maana hapo ndipo elimu yote ilipo. Gumba haliinuliwi likaachana na bobini. Hubaki pale pale, likiwa karibu na mshipi kiasi ambacho mtazamaji hawezi kuona mwanga kati yake na mshipi, na kwa sehemu kubwa ya mrusho haligusi ila kwa mguso hafifu. Mshipi unapoanza kuumuka, mizingo yake ya kwanza hulipapasa gumba kabla jicho halijaona chochote, na gumba lililozoea hujibu kwa kushuka kidogo sana, likaitoza bobini mwendo kiasi, kisha likaachia tena. Mwishoni, risasi inapobakiza hatua chache kufika chini, gumba hukandamiza na bobini husimama kabisa. Kwenye maji, mkandamizo huo hukifanya chambo kiinue pua kidogo na kutua bila kishindo, na samaki aliye chini ya mwamba hashtuki. Shabaha pia hutoka hapo: mrushaji hurusha makusudi mbali kidogo kuliko anapotaka, kisha hukisimamisha chambo juu ya lengo. Rili ya bobini tuli haina njia rahisi ya kufanya hivyo, na hiyo ndiyo sababu mashine ngumu ya Kentucky haikufa.

Katika hili Mzee alikuwa na urithi ambao wanafunzi wengi wa Kimarekani hawana. Mvuvi wa mshipi wa mkono, awe wa Baraka, wa Kigoma au wa Pemba, hurusha chubwi, yaani kizito cha mshipi, kwa kulizungusha na kuliachia, mshipi ukapita kati ya gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo viwili ndivyo vinavyojua chubwi limefika wapi, mkondo unavuta kiasi gani, na anayedonoa ni samaki au ni jiwe. Mzee alishikilia kwamba rili ya Wamarekani si kitu kigeni hata kidogo, kwamba ni mshipi wa mkono uliopewa ghala la kuhifadhia uzi, na kwamba aliyekwisha kufundishwa na baba yake kuachia chubwi gizani hana jipya la kujifunza isipokuwa mahali pa kuweka gumba. Kauli hiyo inaongeza chumvi kidogo, kwa kuwa bobini ina uzito na mshipi uliokusanywa ndani ya mtumbwi hauna, lakini kiini chake ni kweli, na inasikitisha kwamba miongozo ya uvuvi iliyoandikwa kwa ajili ya wageni wanaokuja kuvua Afrika Mashariki haiwatambui wavuvi wa mshipi kuwa mafundi wa jambo lile lile.

Historia ya rili baada ya Kentucky ni historia ya kulipunguzia gumba kazi. Mjini Kalamazoo, Michigan, katika miaka ya 1890, William Shakespeare wa pili alijipatia hataza ya kifaa kinachotembea kushoto na kulia mbele ya bobini ili mshipi ujipange sawasawa unaporudishwa, kazi ambayo awali ilifanywa na gumba lenyewe. Karibu na huko, Dowagiac, James Heddon alieneza chambo bandia cha mbao, ambacho kilikuwa kizito kuliko samaki mdogo na hakikuhofiwa kung'oka, hivyo fito zikafupishwa na urushaji wa juu ya kichwa ukashika nafasi ya ule wa ubavuni. Hatua iliyofuata ilitoka mbali, katika kijiji cha Svängsta kusini mwa Sweden, ambako kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1921 kutengeneza saa, na kilichohamia kwenye mita za teksi, kiligeukia rili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia biashara ya mita ilipodorora. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda hicho, kijulikanacho kwa jina la Abu, kilitoa rili ya Ambassadeur 5000, ambayo bobini yake iliachana na gia wakati wa kurusha na ilikuwa na breki ndani yake. Kwa mara nyingine watu wa saa ndio waliosogeza kazi mbele.

Breki za Svängsta ni vipande vidogo vilivyochomekwa kwenye vijiti karibu na bobini. Bobini ikizunguka kwa kasi, vipande hivyo hukimbilia nje vikasugua ukingo wa duara na kuipunguzia mwendo, na bobini ikipungua huacha kusugua. Katika miaka ya 1980 zilienea breki za sumaku, ambazo hazigusi kitu: bobini ya aluminiamu inayozunguka karibu na sumaku huzalisha ndani yake mikondo ya umeme inayopinga mzunguko wenyewe, na upinzani huo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Aina zote mbili hukaba zaidi bobini inapokwenda mbio, yaani katika nyakati mbili za mwanzo zilizotajwa juu, na hulegea kadiri inavyopunguza mwendo. Kwa maana hiyo zinamwacha mrushaji peke yake pale chambo kinapogusa maji. Breki haijui kwamba maji yamefikiwa. Gumba linajua, kwa sababu jicho limeliambia. Matangazo ya biashara yanayoahidi rili isiyotatiza mshipi kamwe yanamnyima mwanafunzi sababu ya kujifunza kitu ambacho hatimaye atakihitaji, na anayezikaza breki zote mpaka mwisho ili asione tatizano hupata mirusho mifupi, huongeza nguvu ili kuirefusha, na nguvu hiyo humrudisha kwenye mtikiso uleule wa mwanzo. Njia iliyo bora, na ambayo Mzee aliifuata, ni kuanza na breki zikiwa zimekazwa vya kutosha, kisha kuzilegeza hatua kwa hatua, kila hatua ikingoja gumba lioneshe kwamba limechukua kazi iliyoachwa.

Tatizano likitokea, na litatokea, kuna ujanja ambao huokoa mshipi mwingi. Badala ya kuvuta mizingo ovyo, gumba hukandamiza bobini kwa nguvu huku mkono wa rili ukizungushwa mara mbili au tatu, ili mizingo iliyonaswa ilale, kisha bobini huachiwa na mshipi huvutwa taratibu. Mara nyingi hutoka wote bila kukatwa. Wengine huvuta mshipi wote wa mrusho mmoja, hubandika utepe wa plasta juu ya ule uliobaki, halafu huurudisha, na kwa hivyo tatizano haliwezi kushuka chini ya plasta.

Kutoka uwanja wa nyasi safari ilihamia mto Elkhorn, ambao matawi yake mawili hukutana kwenye kitongoji cha Forks of Elkhorn, mashariki mwa Frankfort, na kutoka hapo mto huzunguka kuelekea kaskazini mpaka unapoingia mto Kentucky. Eneo hilo ni maarufu kwa besi wa mdomo mdogo, na James Henshall, daktari aliyeishi Cynthiana kaskazini mwa Paris na aliyechapisha mwaka 1881 kitabu kilichomfanya besi aheshimiwe na wavuvi wa Marekani, aliyajua vema maji ya nchi hiyo. Leseni ya uvuvi kwa kawaida ni lazima kwa aliyefikisha miaka 16, hata mgeni wa siku moja. Maji siku hiyo yalikuwa ya chini, na mbele ya kokoto alipokuwa amesimama Mzee kulikuwa na jiwe bapa lililofunika kivuli cheusi upande wa pili. Alirusha kwa ubavu ili chambo kipite chini ya matawi, na kilichostahili kutazamwa ni mkono wake wa kulia: kifundo kilikunjuka mara moja, na ukucha wa gumba, uliokuwa mweupe kwa mkandamizo, ukageuka waridi, ukabaki hivyo, kisha ukawa mweupe tena. Chambo kilisimama juu ya ukingo wa jiwe na kuzama. Besi aliyenasa alikuwa mdogo na alirudishwa majini, jambo lililomfanya Mzee acheke, akakumbuka kwamba kwao, ukimrudisha samaki ziwani mbele ya mama yako, utaulizwa kama una homa.

Mashine iliyotokana na Kentucky ilikwisha kufika Afrika Mashariki zamani, ingawa haijulikani kwa asili hiyo. Rili kubwa zinazotumiwa Malindi, Watamu, Shimoni na kwenye mlango wa bahari wa Pemba kwa samaki kama nduaro na jodari zina bobini inayozunguka, na kila baharia anayeachia chambo nyuma ya boti inayokwenda huweka gumba juu ya bobini kwa sababu ileile ya Snyder. Ndivyo ilivyo pia kwa zile zinazotumiwa Ziwa Viktoria kumvua sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta. Ziwa Naivasha nalo lina besi wa mdomo mpana, jamaa wa yule wa Elkhorn, aliyeletwa kutoka ng'ambo mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambaye bado yumo. Kwa kijana wa Naivasha, Mwanza au Kisumu anayeipata rili ya namna hii mikononi mwake, iwe mpya au ya mtumba, ushauri ni kwamba asianzie ziwani: achukue risasi ya gramu 15 bila ndoano, atafute uwanja usio na watoto wala mifugo, aweke beseni umbali wa hatua 15, na asizilegeze breki mpaka risasi iwe inaingia ndani ya beseni kwa kusimamishwa na gumba lake.